Maji Yanayobaki Ndani ya Injini: Kuosha na Kujaza Upya Mfumo wa Kupozea Gari Nyumbani

Hotuba kwa madereva na wenye magari, Kampala

Mabibi na mabwana, wazee wetu, madereva wa taksi na wa lori, na nyinyi vijana mliokuja kujifunza ufundi, habari za asubuhi. Asanteni kwa kuja mapema. Kazi ya leo hufanywa injini ikiwa baridi kabisa, na gari hili lililo mbele yenu halijawashwa tangu jana jioni.

Tunazungumzia maji ya rejeta, kile kipozea cha maji ya injini. Tukisema maji, wengi wetu tunamaanisha maji kweli: jerikeni ya maji ya bomba kwenye buti, yakipungua unaongeza. Gari linatoka Japani likiwa na kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, nyekundu au ya pinki, linashuka Mombasa, linapita Malaba, linauzwa. Siku ya kwanza paipu ikivuja, linajazwa maji ya bomba. Rangi inafifia, kisha inapotea, kisha maji yanageuka kahawia. Hapo mwenye gari anaambiwa akaoshe rejeta. Anafungua kiziba cha chini, anamwaga, anatia kulanti mpya lita 4, anafunga boneti.

Ndugu zangu, huyo ameosha rejeta tu. Injini hajaigusa. Kwenye gari dogo, ukifungua kiziba cha rejeta, karibu theluthi ya maji ya zamani hubaki ndani ya bloku, yaani mwili wa injini, ndani ya silinda hedi, yaani kichwa chake cha juu, ndani ya paipu na hita. Kutu imo humo, chokaa imo humo, na kulanti mpya inaingia kuchanganyika nayo. Mambo mengi tutakayosema leo yanahusu hayo maji yanayobaki: kuyapima, kuyasafisha, na kuyaingiza kwenye hesabu unapojaza.

Kwanza tueleze kwa nini maji matupu yanaumiza. Ndani ya injini kuna chuma, kuna aluminiamu, na kwenye rejeta za zamani kuna shaba na risasi ya kulehemu. Metali tofauti zikikaa kwenye maji yasiyo na dawa, hutengeneza kitu kama betri, na ile dhaifu huliwa. Mara nyingi inayoliwa ni aluminiamu: mdomo wa silinda hedi pale paipu ya juu inapovaa, nyumba ya themostati, ile vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende rejeta, mabawa ya pampu ya maji. Chuma nacho kinapata kutu. Na maji yenye chumvi nyingi, hasa ya visima vya kuchimba, huacha tabaka la chokaa kama lile mnaloliona ndani ya birika. Chokaa huzuia joto lisitoke kwenye chuma kwenda kwenye maji. Geji inaweza kuonyesha joto la kawaida huku chuma kilichozunguka vyumba vya moto kinaungua.

Kuna hoja tunayoisikia kila mara: kulanti ni dawa ya barafu, na sisi tunaishi kwenye Ikweta, pale Kayabwe watalii wanasimama kupiga picha, barafu iko Rwenzori tu. Ni kweli hatuihitaji kwa barafu. Tunaihitaji kwa ile dawa ya kuzuia kutu iliyomo ndani yake, na kwa kuchelewesha kuchemka. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na hapa maji kwenye sufuria huchemka karibu nyuzi 96, wala si 100. Ukipanda Kabale yanachemka karibu 93 au 94. Kinachookoa gari ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko ulioandikwa 1.1, au 108 kPa, ambazo ni namba za mgandamizo, hubana maji mpaka yachemke karibu nyuzi 120 hapa Kampala. Ukiweka kulanti nusu kwa nusu unapita 125. Mfuniko ukiwa umechoka, mpira wake umekatika, unarudi kwenye ile 96 ya sufuria, na kwenye foleni ya jioni injini inaifikia bila shida. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, chunguza mfuniko: mpira uwe laini usio na nyufa, spring irudi, na ile vali ndogo ya katikati ivutike kwa kucha na kujifunga yenyewe. Ukinunua mwingine, namba iwe ile ile ya kwenye kitabu cha gari.

Sasa kununua kulanti. Rangi haikuhakikishii kitu. Kijani, nyekundu, pinki, bluu: kila kiwanda hupaka rangi kinavyotaka. Cha kuangalia ni maelezo ya chombo, kama yanakubaliana na kitabu cha gari lako, na kama ni kulanti kali ya kuchanganywa na maji au iliyochanganywa tayari. Usichanganye aina mbili. Dawa zake zinaweza kugongana na kutengeneza uji unaoziba njia nyembamba za rejeta.

Na kuna maji ya rangi yanauzwa kama kulanti. Hili linaumiza watu, kwa sababu mtu ametoa pesa yake akiamini amelinda gari. Kuna vipimo viwili vya nyumbani. Cha kwanza ni mizani. Chukua chupa moja, ijaze maji mpaka alama, pima. Imwage, ikauke, ijaze kulanti mpaka alama ile ile, pima tena. Nusu lita ya maji ni gramu 500. Nusu lita ya kulanti kali inakaribia gramu 555 au zaidi kidogo. Iliyochanganywa nusu kwa nusu ni kama 535. Ukipata 500 au 505, umenunua maji. Kipimo cha pili ni friza: weka kidogo ndani ya kopo la kutupa, liache usiku kucha. Mchanganyiko wa kweli wa nusu kwa nusu haugandi kwenye friza ya nyumbani. Maji ya rangi utayakuta barafu. Hilo kopo liandike, lifunike, na asubuhi litupe. Lisirudi jikoni kamwe.

Tunasema hivyo kwa sababu kulanti nyingi ni glikoli ya ethilini, ambayo ni sumu na ladha yake ni tamu. Mtoto akionja atarudi kuonja tena. Mbwa na mbuzi vile vile. Aliyekunywa huonekana kama mlevi, baadaye figo zinaharibika. Mtoto akinywa, hata kidogo, hata akiwa anacheza vizuri, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na chombo chake uende nacho. Usisubiri dalili. Na usihifadhi kulanti kwenye chupa ya soda wala ya maji ya kunywa, hata kwa siku moja.

Haya, tuje kwenye gari. Vifaa: beseni pana, jerikeni mbili za lita 5 zenye alama za lita, faneli, koleo, bisibisi, spana, matambara, glavu. Maji safi kama lita 15, na mengine lita 5 mazuri zaidi, tutaeleza ni ya nini.

Fungua mfuniko ukiwa umehakikisha rejeta ni baridi kwa kuigusa kwa mkono. Maji ya nyuzi 110 yaliyobanwa, ukiyafungulia, hulipuka kuwa mvuke papo hapo na kukuchoma uso na kifua. Usimwamini mtu anayesema atafungua polepole kwa tambara.

Tazama ndani kabla ya kumwaga. Ukiona utando wa rangi ya chai ya maziwa, mafuta ya injini yameingia kwenye maji, na kuosha hakutakusaidia mpaka gasketi, ile inayoziba kati ya bloku na silinda hedi, au kipozea mafuta kitengenezwe. Kwenye gari la otomatiki, ukiona maziwa yenye rangi ya waridi, yaelekea kile kipozea cha mafuta ya giaboksi kilichomo ndani ya rejeta kimetoboka. Gari lisitembee, kwa sababu maji nayo yameingia kwenye giaboksi. Ukiona kahawia tu, ni kutu, endelea.

Washa swichi bila kuwasha injini, peleka hita kwenye joto la mwisho, kisha zima. Hita sisi hatuitumii, lakini kwenye magari mengi vali yake ikifungwa, maji machafu ya humo hayatatoka. Na chungulia nyuma ya injini: kwenye magari mengi hapa mafundi wamekata paipu mbili za hita na kuziunganisha pamoja. Ikiwa ndivyo, jua gari lako linabeba maji pungufu kidogo kuliko kitabu kinavyosema.

Weka beseni chini, fungua kiziba cha rejeta. Hiki ni cha plastiki, na kimepikwa na joto miaka mingi. Kizungushe kwa vidole. Kikigoma usikilazimishe kwa koleo, kitavunjikia ndani. Badala yake legeza klipu ya paipu ya chini, izungushe paipu kidogo mpaka iachie, kisha uivute. Bloku nayo ina kiziba chake kwenye injini nyingi, na ukikifungua maji yanayobaki hupungua sana. Kikiwa kimekula kutu na kona zake zimeisha, kiache. Tutayashinda maji hayo kwa hesabu.

Sasa pima. Kila kilichotoka kwenye beseni kimimine kwenye jerikeni yenye alama, pamoja na cha tangi la akiba ulilolitoa na kulisugua. Tuchukue gari ambalo kitabu kinasema mfumo wake ni lita 6, na mfumo ulikuwa umejaa. Umetoa lita 4. Maana yake lita 2 zimebaki. Andika namba hiyo, hata kwa chaki kwenye ukuta, kwa sababu utaihitaji mwishoni. Magari madogo ya cc 1300 mpaka 1500 huwa kwenye lita 5 au 6. Hiace ya dizeli hubeba zaidi sana. Namba yako ichukue kwenye kitabu.

Funga kiziba, jaza maji safi lita 4, washa injini, hita ikiwa kwenye joto. Subiri mpaka paipu zote mbili, ya juu na ya chini, ziwe za moto na feni iwake. Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanaacha injini dakika 5 na kumwaga. Themostati ikiwa bado imefungwa, maji ya rejeta hayajakutana na ya injini. Umeosha rejeta mara ya pili. Themostati nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na mpaka ifunguke, mchanganyiko haujatokea.

Feni ikishawaka, zima, acha ipoe. Iache saa nzima na zaidi. Usimwagie injini ya moto maji baridi ndani ili kuharakisha. Aluminiamu ikipozwa ghafla hupinda au kupasuka, na silinda hedi iliyopinda ni gharama kubwa kuliko asubuhi nzima ya kusubiri. Ikipoa, mwaga, jaza, washa, rudia.

Hesabu yake ni hii. Theluthi inabaki kila mara. Baada ya raundi ya kwanza uchafu wa zamani ni sehemu 1 ya 3. Baada ya ya pili, 1 ya 9. Baada ya ya tatu, 1 ya 27. Ndiyo maana raundi 3 zinatosha kwa gari lenye uchafu wa kawaida, na raundi 1 haitoshi kwa gari lolote. Maji yakiwa bado na rangi baada ya ya tatu, rudia. Yakitoka na magamba, tumia dawa ya kuoshea mfumo wa kupozea, kwa kipimo na muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha osha raundi nyingine 3 kuitoa yote. Sabuni ya kufulia msitie. Inatoa povu, na povu halibebi joto. Asidi ya betri msiikaribie.

Raundi ya mwisho ndiyo inayotaka maji mazuri, kwa sababu maji ya raundi hiyo ndiyo yatakayobaki lita 2 ndani na kukaa miaka. Tumia maji yaliyotolewa madini, yale ya kuongeza kwenye betri. Soma chombo mara mbili: watu wengine huita asidi pia maji ya betri, na vyombo vinafanana. Maji ya mvua yanafaa yakikingwa kwenye chombo safi baada ya mvua kuwa imeshaosha bati kwa muda, yakachujwa kwa kitambaa. Ya kisima, hapana.

Sasa kujaza. Mfumo lita 6, unataka nusu kulanti: lita 3 za kulanti kali. Ndani kuna lita 2 za maji safi. Kwa hiyo tia kulanti kali lita 3 kwanza, bila kuichanganya na chochote, kisha ongeza maji mazuri lita 1. Jumla 6, nusu kwa nusu kamili. Ukitia lita 4 za ile iliyochanganywa tayari juu ya lita 2 za maji, umepata theluthi moja tu ya kulanti, na kwa kulanti nyingi hapo ulinzi wa kutu umefika ukingoni. Ile iliyochanganywa tayari ni nzuri kwa kuongezea baadaye, au kwa mfumo uliokauka kabisa. Na usifikiri kulanti kali tupu ni bora zaidi. Glikoli inabeba joto vibaya kuliko maji, kwa hiyo ukipita asilimia 60 injini inapozwa vibaya.

Mimina polepole, huku mwenzako anaminya paipu ya juu na ya chini kwa mkono. Mtaona mapovu yanapanda na kiwango kinashuka. Hewa hii ndiyo inayoua magari baada ya kuoshwa. Povu likikwama kwenye silinda hedi, chuma pale hakina maji. Na kihisio cha geji kikikaa ndani ya hewa, hakionyeshi joto la kweli. Injini inaungua sindano iko katikati. Kwenye Vitz na Passo nyingi hata sindano hamna, kuna taa ya bluu na taa nyekundu tu, na nyekundu inakuja jambo likiwa limeshaharibika.

Kampala ni mji wa vilima, tumieni vilima. Egesha pua ya gari ikitazama juu, handbreki, mawe mazito nyuma ya magurudumu, ili mdomo wa rejeta uwe mahali pa juu kuliko pote. Kama gari lina skrubu ya kutolea hewa, ifungue mpaka kulanti itoke bila povu, uifunge. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, mahali penye hewa, si ndani ya gereji iliyofungwa. Mikono mirefu ya kanzu na ncha za leso ziwe mbali na feni. Kwenye baadhi ya magari feni ya umeme huwaka yenyewe hata injini imezimwa. Themostati ikifunguka, kiwango kitashuka ghafla, ongeza. Mapovu yakiisha na kulanti ikitulia, funga mfuniko, jaza tangi la akiba mpaka alama ya FULL, acha feni iwake na kuzima mara 2. Hita ipulize hewa ya moto kweli. Ikipuliza baridi huku injini ni ya moto, hewa bado imo.

Kama mapovu hayaishi hata baada ya nusu saa, au paipu ya juu inakuwa ngumu dakika chache tu baada ya kuwasha asubuhi, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Hiyo ni gasketi. Usiendelee kuongeza maji na kusafiri.

Tuseme neno kuhusu themostati, kwa sababu hapa tuna ugonjwa. Gari likichemka, fundi anaitoa na kuitupa, anasema maji yapite huru. Kwenye injini nyingi za Toyota za petroli, themostati ina sahani mbili. Ya kwanza hufungua njia ya kwenda rejeta. Ya pili, ile ndogo ya chini, huziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto moja kwa moja kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji haipiti kwenye rejeta tena. Umeondoa kifaa ili gari lipoe, na mlimani litachemka zaidi. Kwenye tambarare nalo litakwenda baridi mno na kula mafuta. Ipime: itumbukize kwenye sufuria ya zamani jikoni. Maji yakichemka iwe imefunguka angalau milimita 8. Ikipoa ijifunge kabisa. Kununua mpya kwenye soko la vipuri la Kisekka ni nafuu kuliko gasketi. Ukiirudisha, kile kitobo chenye kipini kinachochezacheza kikae juu, kwa sababu hewa hupitia hapo.

Paipu zilizolainika kama chapati au zilizopasuka karibu na klipu, badilisha leo mfumo ukiwa mtupu. Nafasi kati ya mapezi ya rejeta iliyojaa vumbi la murram na wadudu, osha kwa maji yasiyo na nguvu kutoka upande wa injini kwenda nje.

Zile jerikeni za uchafu, tafadhali, msizimwage mtaroni. Mitaro ya sehemu kubwa ya mji huu huingia mfereji wa Nakivubo, Nakivubo humwaga Ghuba ya Murchison, na mitambo ya Ggaba huvuta maji yetu ya kunywa kutoka ghuba hiyo hiyo. Zifungeni, ziandikeni, msichanganye na oili chafu, mzipeleke kwenye gereji inayokusanya taka zake.

Kesho asubuhi, gari likiwa baridi, fungua tena. Kiwango kitakuwa kimeshuka kidogo. Ongeza iliyochanganywa tayari. Angalia hivyo asubuhi 3 mfululizo. Kikiendelea kushuka baada ya hapo na chini pakavu, tazama tundu dogo chini ya pampu ya maji kama lina alama ya rangi, kisha zulia la mbele ndani ya gari kama lina unyevu wa kunata wenye harufu tamu. Kulanti ya kawaida ibadilishe kila miaka 2 au kilomita 40,000. Ile ya pinki ya Toyota, ikishabadilishwa mara ya kwanza, hufika kilomita 80,000. Tarehe iandike kwenye kipande cha plasta, ibandike chini ya boneti.

Beseni liko pale. Vijana wawili wasogee, mmoja ashike tochi, mwingine atafute kiziba cha chini kwa vidole, upande wa dereva.